Nilitoa Kadi Moja Tu

14 Januari

Kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa pekee,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi mjomba wako ni mzima kama chuma cha reli, ukiondoa goti la kushoto, ambalo hujua mvua inakuja kabla ya redio. Ukinyozi unaendelea. Kiti kile kinachozunguka nimekishona ngozi mpya, nyekundu, na ukutani kwa nyuma nimeongeza kioo, kwa hiyo mteja anajiona uso na kisogo kwa mpigo, mpaka wengine hujisalimia. Paa linavuja palepale. Jirani yangu fundi cherehani anakusalimu. Bado anadai mashine yangu ya kunyolea inakoroma ndani ya redio yake.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Zile dakika zako chache za Jumapili unazimaliza kwa "Amekula? Amelala?", na mimi ni mtu wa safari ndefu, siwezi kuanza neno bila kufungasha maji ya njiani.

Mwanao alifika salama na mkoba wake na lile libuku lake la picha. Siku tatu za kwanza aliishi chini ya meza ya mataulo. Nikamwachia. Siku ya nne akatoka mwenyewe, akakizungusha kiti changu mara hamsini na mbili, nilihesabu, huku wateja wamesimama wanangoja. Nimempa jina la Chiriku. Ndiyo, mtoto asiyetoa neno nimempa jina la ndege wa kelele. Ukoo wetu bila utani si ukoo.

Sasa, kuhusu kusema, usikonde. Nimewasemesha wakubwa kuliko yeye. Ulikuwa mdogo, hukumbuki: aliletwa hapa mpima viwanja mmoja, bubu tangu tumboni mwa mamaye. Nikamkalisha, nikampaka povu, nikaanza kumpigia hadithi. Nilipofika nusu ya kidevu akafumbua kinywa, akasema, "Punguza na pembeni." Mashahidi tulikuwa watatu. Wawili wamefariki, wa tatu ndiye anayekuandikia. Mwanao ana miaka minane ya kimya. Nipe miezi minane, na mitatu ya nyongeza kwa heshima ya marehemu mama yako.

Ila niambie libuku lile linatumikaje, maana wateja wanaliomba wakidhani ni albamu ya harusi.

Ni mimi mjomba wako, Kinyozi.


6 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilinichekesha mpaka wenzangu chumbani wakataka niisome kwa sauti. Tuko wanne, vitanda vya juu na chini. Kazi ni shuka za hoteli, mia sita kwa zamu, kufua, kukausha, kukunja. Ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyelala majini. Mvuke unakukaa kifuani mpaka unaoga na bado unanuka sabuni. Lakini nimevumilia, na nitavumilia mpaka mkataba uishe. Hosteli haipokei watoto, na katika ndugu wote niliowaambia, wewe peke yako ndiye uliyesema "mlete". Sijasahau.

Habari ya mpima viwanja, Mama alinisimulia pia. Alisema yule mtu hakuwa bubu. Alikuwa hataki tu kuongea na wewe.

Mjomba, hapa naomba usome polepole. Mwanangu ana usonji. Hana ukaidi, si mzito wa akili, na kinywa chake hakina kufuli linalongoja fundi. Maneno ya mdomo huenda yakaja, huenda yasije. Mwalimu wa usemi hakunificha hilo. Kinachotakiwa ni awe na njia ya kutuambia mambo, iwe njia yoyote, na sisi tuiheshimu. Njia yake ni kitabu kile. Mwaka na nusu tulikitengeneza, kadi moja moja, kila moja tukiifunika plastiki, wiki nyingine hatukupata hata moja.

Akitaka kitu, anabandua kadi na kukuwekea kiganjani. Wewe unataja kwa sauti, "maji", halafu unampa maji. Usimwambie "sema kwanza". Usimnyime ili aseme. Ukimuuliza jambo, hesabu kumi moyoni kabla ya kurudia, maana jibu liko njiani na ukimwongezea maneno unalirudisha lilikotoka. Na wewe ukiongea naye gusa kadi, aone kwamba ni lugha ya nyumba nzima. Kitabu kikae anapokifikia, mchana kutwa. Kadi isitolewe hata moja.

Ile yenye mkono mwekundu ni ACHA. Hiyo ilikuja mwisho na ilitutoa jasho kuliko zote. Kabla yake alikuwa akijigonga kichwa ukutani, uliona mwenyewe ulipotutembelea. Mwalimu alituambia kwamba mtu asiyeweza kukataa hana sababu ya kuomba. Akikupa hiyo, Mjomba, acha. Hata kama hujamaliza unachofanya.

Kila Jumatano saa nne mpeleke kliniki kwa mwalimu. Na tafadhali usimwite Chiriku.

Mimi mpwa wako.


9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku tunashukuru. Paa nimeliziba, sasa linavuja mahali papya. Fundi cherehani amepata mjukuu na amemshonea nguo za kutosha mpaka aoe.

Libuku nimelimudu kuliko waliolitunga. Mimi niliacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu aliishiwa, lakini kitu cha picha hakinishindi. Maji anapata. Choo anakwenda. Juzi alinipa kadi tatu kwa mfuatano: "kiti", "zungusha", "babu". Babu ni ile yenye picha yangu, ambayo mpigaji aliniharibu, nimetoka mzee. Kadi tatu, mpwa wangu, hiyo ni hotuba. Wateja walipiga makofi, na mimi nikamzungusha hadi mkono ukafa ganzi.

Jumatano zote tumekwenda. Huyo daktari wenu wa midomo anakaa chini sakafuni na kunyamaza, na huo ndio ujuzi wenyewe. Mimi nikijaribu kusaidia ananiambia, "Babu, mwachie nafasi." Mtu wa miaka hamsini na mbili naambiwa nafunika mtoto kwa maneno. Nikamjibu, "Mwalimu, sisi kwetu maneno ndiyo blanketi." Hakucheka.

Sasa kuna jambo dogo. Nywele zimemjaa. Mjukuu wa kinyozi ana kichwa kama kiota, na watu wanauliza kama nyumbani kwangu mashine ni mwiko. Jumamosi nikamkalisha, nikawasha, na kabla haijamgusa akanipa mkono mwekundu. Nikaacha, kama ulivyoagiza. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Basi benchi zima limepata mchezo. Yule mwenye duka la matairi, tunamwita Mheshimiwa kwa ajili ya tumbo, alisema, "Kinyozi kafutwa kazi kwa karatasi." Mwingine akaniambia nimpe mtoto mkasi, mimi nikae kwenye kiti. Nilicheka nao, mimi hucheka na kila mtu. Lakini nakuuliza wewe mzazi: tumelelewa wapi sisi, mtoto akamwambia mkubwa acha, na mkubwa akaacha, mbele za watu? Samaki mkunje angali mbichi.

Mjomba wako.


20 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kadi tatu. Nimezipanga kwenye mto wangu kwa vipande vya karatasi, nione zilivyokaa. Asante. Asante sana.

Nywele ziache. Ule mlio wa mashine kwake si mlio, ni sindano za masikioni. Mama wa mwenzangu mmoja hapa, anayelea mjukuu wa hali hiyohiyo, hutumia mkasi, kishungi kimoja asubuhi, kingine kesho, mtoto akijitazama kwenye kioo. Kama hata hilo hataki, mwache na kiota chake. Wanaocheka watachoka.

Mimi mpwa wako.


28 Aprili

Mpwa wangu,

Uniwie radhi kwa kukawia. Mvua zimenishika, na goti, na umeme unaokatika nusu ya kichwa cha mtu. Kuna bwana ametembea mjini siku mbili na upande mmoja.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Mtoto ametulia. Nasema ametulia, maji ya mtungini yana fujo kuliko yeye. Hakimbii, hajigongi, hazungushi kiti. Anakaa kwenye benchi tangu nafungua hadi nafunga. Wateja wenyewe wanasema, Kinyozi, umemtibu. Na kichwa kinang'aa, nimemnyoa kwa mkono wangu, hakutikisika.

Hilo ni la kwanza. La pili, shika kitu. Alhamisi, mvua inapiga bati, niko naye peke yetu, akaniinulia macho, akasema "Babu". Sauti nyembamba, kama mlango wa kabati. Nilikuambia miezi minane, nimetumia minne.

Kwa hiyo libuku tumelipumzisha, mtu aliyepona hatembei na magongo. Na Jumatano tumezipunguza, kliniki ni ya wagonjwa. Ukipiga Jumapili mara nyingi utakuta amelala. Ni kukua huko, kunachosha.

Mjomba wako aliyekuahidi akatimiza.


7 Mei

Shikamoo Mjomba,

Niliisoma barua yako kwenye foleni ya chakula, nikalia mbele za watu. Msimamizi alidhani nimefiwa. Nilipomwambia, yule mwanamke ambaye hajawahi kutabasamu tangu nifike, alinipa shuka safi nijifute na akanisimamia mashine yangu kwa nusu saa.

Amesema Babu. Miaka yote nilijizuia kuliota jambo hilo, kwa sababu mwalimu alinifundisha kumpenda alivyo na siyo kumngoja awe mwingine, na nilidhani nimehitimu. Kumbe bado nilikuwa nangoja.

Mjomba, alikuwa ameshika nini? Amerudia? Jumapili hii usimlaze. Weka simu sikioni mwake nimsemeshe, hata asiponijibu. Na kitabu kisipumzishwe, hata akisema maneno mia. Kadi hazizibi maneno, mara nyingi ndizo zinazoyaita. Na Jumatano zirudi kama zilivyokuwa.

Mimi mpwa wako mwenye furaha.


25 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mteja amekalia miwani ya mteja mwenzake, kwa hiyo nimekuwa hakimu wiki nzima.

Jumapili simu haikuwa na chaji. Kuhusu lile neno, mtoto si redio, humbonyezi akatoa. Alisema, mimi nilikuwepo, yatosha. Usimsumbue kwa kuulizauliza, mambo haya hutaka utulivu. Goti linanizuia kuandika zaidi.

Mjomba wako.


11 Juni

Mjomba,

Nimepata barua kutoka kwa mwalimu wa usemi. Anauliza kama tumehama. Mwanangu hajaonekana kliniki tangu mwisho wa Machi, si Jumatano moja wala mbili. Mwalimu alipita dukani kwako, ukamwambia mtoto amekwenda kwa mama yake.

Mama yake ni mimi, na niko huku nakunja shuka.

Napanda basi Jumamosi. Usinijibu, nitapishana na barua yako njiani.


14 Julai

Mjomba,

Hatujambo. Nimetoka hosteli. Nimepanga chumba kimoja, dirisha linaangalia ukuta wa jirani, choo kiko ndani, hatua sita kutoka kitandani. Nafanya zamu ya asubuhi tu, na mama mwenye nyumba anakaa naye hadi nirudi.

Siku ile dukani hatukuongea. Kulikuwa na mtu kitini ana povu usoni, na nilikuona ulivyoshukuru kuwepo kwake. Nilikusanya nguo za mtoto, wewe ukaendelea kunyoa shavu ambalo lilikuwa limekwisha kunyolewa.

Sasa nikueleze hali. Nimepata mwalimu wa usemi wa huku, kijana mpole, hana haraka. Tukikiweka kitabu mezani, mwanangu anashuka kitini na kuingia chini ya kitanda. Siyo kitabu peke yake. Haombi kitu chochote, kwa njia yoyote. Hanivuti mkono, haoneshi, hatazami anachotaka. Akiwa na kiu anakaa na kiu. Juzi nilimkuta ameketi amelowa, kadi ya choo iko mbele yake. Huyu ni yule aliyekuhutubia kwa kadi tatu.

Mwalimu ameniuliza ni nini kilichotokea. Anasema mtoto hufunga mlango kwa sababu nyingi, ugonjwa, hofu, kuchoka, na kila sababu ina njia yake ya kurudia. Asipojua, tutapapasa, na tukipapasa vibaya tutaufunga zaidi. Nimekihesabu kitabu. Kadi zote zimo isipokuwa ACHA.

Mjomba, sitaki ugomvi, na samahani yako sijaiomba. Nataka uniandikie ilivyokuwa. Walioona ni wewe na yeye, na yeye amenyamaza hata kwa ile sauti aliyokuwa nayo.


3 Agosti

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika bila shikamoo. Niligeuza karatasi nyuma, nikidhani umeiandika huko. Haya, marahaba hata hivyo, mkubwa hulipa hata asichokopeshwa.

Nimesikitika. Ndugu wote walipokupa visogo, ni nani aliyesema mlete? Nani aliyelala sakafuni mtoto akalala kitandani? Leo nahojiwa kama mwizi wa kuku. Mimi nimewahi kumnyoa jenerali, amelala, wembe kooni, walinzi sita wamenikodolea macho, na hakuamka mpaka nilipompiga poda. Mtu aliyekabidhiwa koo la jenerali hawezi kukabidhiwa karatasi?

Kadi itakuwa imedondoka. Sakafu yangu ina nywele, tunafagia mara kumi kwa siku, kitu hupotea. Au ni panya. Na mtoto kubadilika ni kawaida, hata wewe ulikuwa na mwaka mzima wa kununa. Mwambie huyo kijana wako apunguze maswali na aongeze kazi.

Mjomba wako.


19 Agosti

Mjomba,

Panya hali plastiki.

Mwanangu amepungua kilo mbili. Alisema "Babu" Alhamisi ipi?


27 Septemba

Mpwa wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu zilikuwa tamu, nimezichana.

Hakusema. Nianze na hilo. Alhamisi ile mvua ilinyesha kweli, na aliniinulia macho kweli, lakini aliyesema "Babu" ni mimi. Nilisema mara nyingi, nikingoja aitikie. Halafu nikakuandikia wewe. Sikujua kwamba utalia. Nilidhani utafurahi, na mimi nitapata muda wa kuufanya uongo uwe kweli.

Kadi niliitoa mimi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Machi, asubuhi, kabla sijafungua mlango, na barua yako ya kusema nywele ziachwe ilikuwa imefika jana yake. Kadi nikaificha kwenye droo ya nyembe butu. Nilitoa moja tu. Nilijiambia zimebaki thelathini na tisa, za kuomba kila kitu, mtoto gani ameachiwa vingi hivyo.

Duka lilijaa, na Mheshimiwa yumo. Nikatangaza kwamba leo karatasi zimegoma. Nikamkalisha, nikamfunga shuka shingoni, libuku mapajani juu ya shuka, mikono nje. Nikawasha. Akafungua ukurasa ule ambao mkono mwekundu hukaa. Pakawa patupu. Akapapasa kwa kidole mahali pale pa kubandikia, akarudia, kama mtu anayetafuta swichi ukutani. Akageuza ukurasa. Akatoa "maji", akaniwekea kiganjani. Nikamwambia maji baadaye. Akatoa "choo". Akatoa "nyumbani". Akatoa "mama". Zikafuata za matunda, za rangi, za nguo. Mashine inalia mkono wa kulia, na wa kushoto unajaa kadi, zinamwagika, na yeye anaendelea. Kila akiweka moja ananitazama mikononi, aone kama hiyo ndiyo ya kunizuia.

Mheshimiwa akasema, "Kinyozi, mtoto anakulipa kila alicho nacho." Benchi likacheka. Na mimi nikasema, "Anacheza karata, na leo amefilisika." Wakacheka zaidi. Nilipenda walivyocheka. Naandika hilo kwa sababu umesema niandike ilivyokuwa.

Hakulia wala hakurusha kitu. Aliniwekea zote, moja moja, vizuri, kama mlivyomfundisha. Ya mwisho ilikuwa yenye picha yangu. Ikaisha hiyo, akafunga libuku, akaweka mikono juu yake. Nikamnyoa. Zilitosha dakika saba. Hakutikisika, na nilikuandikia kwamba ametulia.

Jioni nilizirudisha zote mahali pake, ila ile moja sikuirudisha. Kesho yake nikamwekea libuku mapajani, akaliacha lianguke. Nikamwekea tena. Nikamnunulia biskuti anazozipenda, nikaweka kadi yake juu, akazitazama mpaka nikaona aibu nikampa. Alikula moja. Jumatano niliogopa kwenda, yule mwalimu anajua kunyamaza na mimi mtu akininyamazia huwa nasema.

Mheshimiwa bado anakuja, bado anaisimulia kwa wageni, na humalizia kwa maneno yangu. Sijamkataza. Ningemkataza vipi, hadithi ni yangu.

Kadi iko ndani ya bahasha hii. Muulize, kwa njia mnayoijua ninyi, kama amenisamehe. Na kama mtaniruhusu nije, nitakuja nikae kimya.

Mjomba.


30 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Naiandika kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, na kwa sababu uliandika ilivyokuwa.

Barua yako nilimsomea mwalimu wa usemi wa huku. Nilifika pale pa "mama" nikampa amalizie mwenyewe. Akaikunja, akasema mtoto huyu hajasahau kadi hata moja. Amejifunza kitu kingine juu ya kadi hizo: kwamba unaweza kusema kila neno ulilo nalo, sawasawa, kwa adabu, mbele ya watu wazima wengi, na lisibadilishe kitu. Akaniambia tulikuwa tunakosea kumwekea kitabu na kumbembeleza aombe. Tunatakiwa kuanzia kwenye kukataa, na bila kadi kabisa. Ile uliyotuma ameniambia nisimwonyeshe.

Basi kazi yetu ni hii. Tunamletea kitu asichokipenda, taulo gumu, uji wa baridi, wimbo wa redio. Akikunja uso, akisogeza bega, akigeuza hata jicho, tunaondoa hapohapo na kusema, "Umekataa. Tumeacha." Mchana kutwa. Mama mwenye nyumba alifikiri tumerukwa na akili, sasa naye anafanya. Wiki tatu hakuna kilichobadilika. Alikuwa anavumilia kila tulichomletea, uji anaumeza, akitazama mikono yetu. Ulimfundisha vizuri.

Jumanne iliyopita nilikuwa namchana. Nywele zimeota tena. Akanishika mkono, akausukuma, siyo kwa nguvu. Nikaweka kitana chini, nikasema nimeacha. Akangoja. Nikakiinua kidogo, kama mwalimu alivyoelekeza, akausukuma tena, nikakiweka chini tena. Tulifanya hivyo mara nyingi sana, hadi nikachelewa kazini. Hajaomba maji bado. Mwalimu anasema huenda ikawa miezi, na huenda yale ya kadi tatu yasirudi kama yalivyokuwa. Amesema "huenda", na nimejifunza kutomkamua aseme zaidi.

Usije. Hata kukaa kimya, usije. Sitaki ajaribiwe kwa ajili ya moyo wako.

Na lile la kumuuliza kama amekusamehe, sitamuuliza. Ni swali kubwa, ndiyo kwanza anajifunza kwamba mkono wake ukisukuma kitu, kitu kinaondoka. Siku akiwa na neno la kukuambia atalileta mwenyewe, na nitakuandikia kama atakavyolileta, liwe tamu au chungu, bila kulipaka rangi.

Mpaka leo hajasema chochote kukuhusu. Ndivyo ilivyo.

Mpwa wako.